Mkono Uliohitaji Kupumzika

"Nguo zimekauka. Zianue."

Sauti ya Mjomba, mkuu wake wa upelelezi, ilikwaruza sikioni, kisha redio ikanyamaza. Maana yake shehena yote imeingia ghalani.

Sindano aliweka chini kikombe cha chai, akafunga duka la mashine na kugeuza kile kibao cha mlangoni. Aproni ya bluu hakuivua. Ndani ya sanduku la vifaa, chini ya koleo na kitambaa chenye grisi, aliilaza bastola yake ya Glock. Akawasha pikipiki yake ya Yamaha.

Lilikuwa jua la saa saba mchana, lile la kuchoma kisogo.

Alipaswa kufurahi. Muda wote ule wa kujifanya muuzaji wa bolti na mikanda ya mota ulikuwa kwa ajili ya siku hii. Mbele yake palikuwa na ghala la magodoro, na ndani ya ghala ukuta wa uongo unaoteleza kwa mota. Nyuma ya ukuta kulikuwa na bunduki zilizoshonewa ndani ya magodoro, mali ya wageni waliotaka kuiangusha serikali. Leo ukuta ungekwama.

Yeye ndiye aliyeupangia kukwama.

Ila hakufurahi. Kila alipobadili gia aliliona sikio la yule fundi.

Walimwita Sikio kwa sababu hakuiamini mashine yoyote mpaka aisikilize. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, macho kayafumba kama mtu anayepokea simu ya mbali. Alikuja dukani kutafuta mkono wa umeme, lile bomba la chuma lenye mota na skrubu ndani, ambalo fimbo yake hutoka na kurudi kusukuma mlango au kuinua kitanda cha hospitali. Tajiri wake alimwambia ni wa kabati zito la maonyesho, naye hakujua zaidi.

Sindano alimhudumia vizuri, na hilo ndilo lililomuuma. Walipima pamoja, wameinamia meza. Kabati lina uzito gani, tena linateleza kwenye reli au linaburuzwa sakafuni? Fimbo itoke urefu gani? Akitaka mwendo wa haraka nguvu itapungua, kwa hiyo achague. Vumbi la pamba lipo? Basi achukue uliozibwa vizuri. Na umeme ukikatika? Achukue wenye skrubu inayojishika yenyewe, hairudi nyuma hata asukume nani. Swichi za kusimamisha ziwe ndani, upande huu na ule, fimbo isije ikajivunja.

Sikio aliuliza lililobaki.

"Na unafanya kazi mfululizo, dada, au unapumzika?"

Kwenye lebo iliandikwa: dakika moja kazi, dakika tisa kupumzika.

Sindano aliifunika kwa kidole gumba. "Huu? Huu hata likizo hauijui."

Sikio alicheka, akaondoka ameupakata kama mtoto mchanga.

Simu iliita Sindano alipofika langoni pa ghala.

"Dada, mkono wako umekata roho." Sauti ya Sikio ilikuwa ndogo. "Tumekwama ndani. Mimi na tajiri."

Alizima injini. Tajiri huyo, waliyemwita Miwani kwa kuwa hakuivua miwani yake nyeusi hata gizani, alikuwa na sheria moja: ukuta haukai wazi. Toroli likipita, funga. Lingine likija, fungua. Fungua na funga asubuhi nzima, mpaka mota ikachemka na kujizima, kama Sindano alivyopanga. Ila alipanga Sikio awe nje, penye swichi. Alisahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba mtu yule lazima angeingia ndani ilikofungwa mota, aisikilize.

Miwani aliichukua simu. Hakupandisha sauti. Alisema fundi huyu ama ni mjinga ama kanunuliwa, na ukuta usipofunguka atamaliza swali hilo kwa risasi.

Redio ikakwaruza sikioni, Mjomba tena.

"Sindano, usifungue. Askari wako njiani. Panya yumo mtegoni."

"Yumo na fundi."

"Nimesikia."

"Atamuua."

"Nimesikia, Sindano. Usifungue."

Alikichomoa kile kidude sikioni, akakitumbukiza mfukoni mwa aproni.

Mlinzi wa lango alikuwa mtu wa miraba minne, anatokwa jasho kama amemwagiwa ndoo. Sindano alimweleza kwamba ametumwa na duka, mambo ya garantii, naye akamkokota ndani karibu ambebe. Mbele ya ukuta alimwomba amshikie waya. Juu kidogo. Hapo hapo, karibu na bomba.

Pingu ikamfunga mkono kwenye bomba hilo la maji.

"Na mdomo nao," Sindano alisema, akimwonyesha Glock.

Kisha akaugonga ukuta kwa kiganja, akasema kweli. Mota imepata moto. Waiache ipoe dakika tisa, wala wasiiguse, itaamka yenyewe.

Miwani akamuuliza fundi kama hayo yana ukweli. Sindano alisikia bisibisi ikikwaruza chuma.

"Anasema kweli, mzee," Sikio alijibu. "Kumbe unapumzika, dada."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Alisimama pale, paji la uso kwenye ukuta, akihesabu pumzi za mtu aliyemwamini.

Wakati ulipotimia alibonyeza swichi. Mota ikanguruma. Ukuta ukateleza, ukaacha ufa wa upana wa kiganja, naye akaachia.

Kilichotangulia kutoka ni bastola. Kisha mkono. Kisha kifungo cha dhahabu cha shati.

Sindano alibonyeza swichi ya kurudi.

Ukuta ulimkamata Miwani kwenye kifundo cha mkono. Yowe lilijaa ghala. Bastola ikaanguka, Sindano akaisukuma mbali kwa kiatu. Mota ikajizima kwa kulemewa, lakini skrubu ikashika pale pale. Miwani alivuta, akatishia, akabembeleza. Ukuta haukumjali.

"Sikio! Mkono wake wa pili?"

"Umeshika miwani isianguke."

"Basi tusubiri. Dakika tisa tena."

Askari walifika, wakawakuta wote wanangoja kama wagonjwa nje ya mlango wa daktari. Ukuta ulipofunguka Miwani alitolewa mikono nyuma. Magodoro yakapasuliwa, pamba ikaruka, na bunduki zikapangwa sakafuni mstari baada ya mstari. Mfukoni mwa aproni, Mjomba alikuwa bado anafoka.

Sikio aliketi juu ya godoro moja zima, bisibisi mkononi.

"Uliniuliza," Sindano alimwambia. "Nikakudanganya."

"Nilikiona kile kidole, dada. Juu ya lebo." Alifuta bisibisi kwenye suruali, polepole. "Nikadhani una kucha mbovu, unaificha. Nikaona nisikuaibishe."

Sindano alifunga sanduku lake. Akapita katikati ya askari bila haraka, nao wakampisha. Nje alipanda Yamaha, akavaa glavu kidole kimoja kimoja, na kidole gumba kikawa cha mwisho kuingia.

Akaondoka, hakugeuka.