Aliyeitika Shambani

Adamu alipanda dunguni alasiri ikiisha, kopo la maji mkono mmoja, simu mkono wa pili. Dungu ni kichanja cha miti kinachopita mahindi kwa urefu, na kazi ya mlinzi ni moja tu: kutazama na kusikiliza. Nguruwe mwitu wa kijiji cha Mazingara hawana huruma. Ukizubaa, unakuta shamba limepinduliwa lote.

Shamba lilikuwa la tajiri mmoja wa Korogwe, limekatwa katikati na korongo. Adamu alilinda upande huu. Mkewe Mwaija, bibi harusi wa juzijuzi, alilinda ng'ambo. Kila giza likiingia walipokewa zamu na walinzi wenye mbwa, wakarudi kibandani pamoja.

Na kule kuna desturi, msiidharau. Mlinzi humwita mwenzake kwa jina. Mwenzake huitika, "Niko!" halafu lazima aulize kitu. Chochote. Umekula? Kiberiti unacho? Wazee wanasema porini mna vitu vinavyojua kuitika, ila havijui kuuliza. Usiposikia swali, shuka, mfuate mwenzako mbio.

Mwaija aliipenda mno zamu yake ya kuuliza. "Adamu, unanipenda?" alipaza sauti kila mtu asikie, na Mzee Mhina wa shamba la jirani alicheka mpaka akakohoa.

Lakini mwaka ule simu za kupangusa zilianza kumiminika madukani, na Adamu akanunua yake. Jamani, simu ile! Mimi sina ugomvi na simu, hata mimi ninayo, ila ile ilimla kijana mzimamzima. Mtandao ulishika juu ya dungu tu, basi dungu likageuka kijiwe. Wenzake wa Korogwe wanabishania mpira, wanatumiana vichekesho, naye yumo humohumo.

"Mwaijaaa!" aliita jioni ile, macho kwenye kioo.

"Niko!"

Akacheka, maana kuna mtu alikuwa ametuma kichekesho. Baadaye kidogo akaita tena.

"Niko!"

Akaendelea kuandika. Jua likazama. Akaita tena kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna.

"Niko."

Safari hii sauti ilikuwa karibu.

Wala hakutambua. Kilichomshtua ni harufu... Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo, na mvua ilikuwa haijanyesha. Akainua uso. Nyenje walikuwa wamenyamaza shamba zima.

"Mwaija?"

"Niko."

Chini ya dungu.

"Umevuka korongo saa ngapi?" alinong'ona.

"Niko."

"Mbona umeacha shamba?"

"Niko..."

Mahindi yakatikisika, mstari mmoja, taratibu, kuelekea korongoni. Upepo haukuwapo. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Tangu apande dunguni, Mwaija hajauliza kitu. Hata kimoja!

Aliruka. Simu ikaanguka, hakuiokota. Alivuka korongo kwa magoti na viwiko, akiita, akilia. Mwaija alikuwa amelala chini ya ngazi ya dungu lake. Mguu ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi. Alikuwa amejifunga kanga juu ya goti, akalikaza fundo kwa meno. Nyoka. Adamu alimkumbatia, akaweka shavu lake juu ya la mkewe. Lilikuwa limeshapoa.

"Mke wangu, niulize," alimwambia. "Niulize chochote."

Mzee Mhina alifika na tochi, anahema. Akapiga magoti, akamfumba marehemu macho.

"Mwanangu, imekuwaje?" aliuliza. "Tulimsikia akikuita."

"Akiniita?"

"'Adamu! Adamu, nyoka!' Nikainuka nije. Nikakusikia umeitika, 'Niko!' Akaita tena, ukaitika tena. Nikasema alhamdulillahi, mumewe anamwendea. Nikakaa."

"Sikuitika, mzee. Wallahi sikumsikia."

Mzee alisimama. Akaielekeza tochi ng'ambo, kwenye dungu la Adamu. Akaizima upesi.

"Ilikuwa sauti yako," alinong'ona.

Wapo wanaosema ni kitu cha korongoni, kilichokwisha kujifunza sauti zote mbili. Wapo wanaosema, kwa chinichini, kwamba mtu aliyezama kwenye simu huitika asijue ameitika, nani hajawahi? Adamu mwenyewe hajui, na ndilo linalomtafuna. Kama hakuitika yeye, basi mkewe alimlilia na hakusikia hata neno. Kama aliitika yeye, basi alisikia na hakushuka. Angemwomba Mungu iwe lipi?

Matangani mama mkwe, mamake Mwaija, alikuja kutoka Mashewa. Alimkuta Adamu amejikunyata nyuma ya nyumba, hataki chakula wala mtu. Akaketi chini kando yake, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Baba," alisema polepole, "mwanangu alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Ukaitika?"

Adamu akatazama miguu yake, akatazama mlango, hakuona pa kukimbilia.

"Niliitika."

Mama akashusha pumzi ndefu. Akauchukua mkono wa mkwewe, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, baba," alisema. "Basi hakufa peke yake."