Posa Iliyorudishwa Kinondoni

"Kijana wetu hakuyumba hata vyuma vilipokaza," Bi Badriya, aliyekuja kumposea mwanawe Muhannad, alikuwa anasema sebuleni. "Duka la makapeti tulifunga, sawa, lakini yeye akapata kazi ya kusimamia ghala bandarini. Kiti cha kuzunguka, feni juu. Nyumba ikaendelea kula."

Chumbani, nyuma ya pazia, Naima alishtuka. Binti anayeposwa hukaa ndani akasikiliza, ndiyo mila, ila leo alitamani angekuwa kiziwi. Ghala gani tena? Muhannad hajawahi kusimamia ghala hata la viazi. Mwaka mzima na zaidi alikuwa hapa hapa Mtoni, kwenye uwanja wa Naima kando ya Barabara ya Kilwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, akisugua makapeti ya watu kwa brashi na sabuni ya unga.

"Sasa alhamdulillahi vyuma vimelegea," Bi Badriya akaendelea. "Watu wananunua, duka la Kinondoni tumelifungua tena. Binti yenu tunamtaka kwa moyo mmoja. Ila hiyo kazi ya kufua makapeti barabarani, aiache. Sisi ni wauzaji. Mkwe wetu ataonekanaje?"

Naima akachukua simu, akamwandikia Muhannad: "Ghala gani la bandarini?"

Jibu lilikuja haraka mno.

"Naima nisamehe. Ntakuelezea. Usiseme kitu kwanza."

Usiseme kitu! Hayo yalimchoma kuliko uongo wenyewe. Akamkumbuka Muhannad wa siku ile ya kwanza, kijana aliyeingia uwanjani na kapeti jipya begani, anabembeleza anunuliwe. "Kaka, siku hizi watu hawanunui jipya, wanafua la zamani," Naima alimwambia. "Ukitaka kula, shika brashi." Akashika. Viganja vikamchubuka, Naima akawa anampaka mafuta ya nazi huku anamcheka, na mapenzi yao yakaanzia hapo. Mwanaume yule Naima alimpenda, akajivunia kuwa naye.

Pazia likafunguka. Alikuwa Mzee Mbwana, baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake afariki.

"Mwanangu, wageni umewasikia. Unasemaje?"

"Waambie posa nairudisha, ba'mdogo."

Mzee akaingia mzima mzima. "Naima! Si huyu huyu uliyekuwa unamlilia?"

"Ndiye."

"Sasa niwape sababu gani?"

Angeweza kumuumbua Muhannad pale pale. Hakutaka. Aliona mwenye siri aiseme kwa mdomo wake.

"Waambie kazi yangu siiachi. Hayo mengine, kijana wao anayajua."

Bi Badriya aliondoka bila kumalizia chai. Jioni simu ikaita.

"Naima, umeniua."

"Umeanza wewe kuniua. Mie nimezika tu."

"Mama alikuwa na presha. Baba amefariki, duka limefungwa, halafu nimwambie mwanao anafua makapeti yale yale aliyowauzia watu? Angeanguka!"

"Uongo wa wakati ule nakusamehe. Ungeniambia, ningekusaidia kuusema. Lakini sasa duka liko wazi, mama yako mzima wa afya, kaja mpaka sebuleni kwetu kuita kazi yangu aibu, na wewe unaniandikia nisiseme kitu."

Naima akahamishia simu sikio la pili.

"Muhannad, dawa za mama yako zilitoka wapi?"

"Kwako."

"Kwetu! Kwa mikono yetu wote wawili. Mie sikuokota mtu wa kumlisha, nilipata mwenzangu wa kazi. Nilimpenda yule wa brashi. Kama wewe unamuonea haya, mwenye duka mie simjui."

"Unataka nifanye nini?"

"Sitaki kitu. Ramadhani hiyo inabisha hodi, nina makapeti ya watu."

Akakata. Halafu akalia sana, maana kiburi chake kilikuwa cha haki lakini hakikumpunguzia maumivu hata kidogo.

Jumamosi asubuhi bajaji ikasimama uwanjani. Muhannad akashuka na kapeti kubwa jekundu limeviringishwa, la sebuleni kwao. Nyuma yake akashuka Bi Badriya, buibui safi, pochi kaibana kwapani.

"Shikamoo mama," Naima akasema, brashi mkononi.

"Marahaba. Mwanangu kasema kuna kitu anataka nikione. Sikujua ni huku."

Muhannad alivua viatu, akakunja suruali, akatandaza kapeti sakafuni na kufungulia mpira wa maji. Auleria, jirani muuza mkaa, akapaza sauti:

"He! Braza Muha karudi! Tulidhani umeukata, umetusahau!"

Bi Badriya akamgeukia mwanawe. "Umerudi? Kwani ulikuwaga hapa?"

"Nilikuwa hapa, mama." Muhannad alikuwa amepiga magoti kwenye povu. "Hakuna ghala. Bosi wangu alikuwa Naima. Kila tulichokula duka lilipofungwa kilitoka kwenye maji haya. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Kazi hii ilitusitiri."

"Na dawa zangu?"

"Hapa."

"Na ule mgongo uliokuwa unakuuma kila jioni? Nakukanda kwa mikono yangu, huku nakilaani kiti cha ofisi!"

"Ni hapa, mama."

Auleria akaangua kicheko. Naima akauma mdomo asicheke. Bi Badriya aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama mwanawe akisugua, kisha akainua macho kwa Naima.

"Binti, nilikuja kwenu nikakutukana, kumbe nimeshiba jasho lako. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," Naima akajibu. "Lakini posa haijibiwi kwenye maji ya sabuni. Ijumaa mje nyumbani, mseme mnamposa nani."

Muhannad alimtazama kutoka chini, povu mpaka kwenye nyusi, akatabasamu. Naima naye akashindwa kujizuia.

Ijumaa walikuja. Bi Badriya hakumpa mtu mwingine nafasi ya kusema.

"Tumekuja kumposa Naima, mfua makapeti wa Mtoni. Kazi asiiache, na akitaka kuongeza uwanja, aongeze! Wateja wangu nimeshawaambia: jipya nunueni kwangu, likichafuka lipelekeni kwa mkwe wangu."

Mzee Mbwana akakohoa ili asionekane ana machozi. "Mahari ataitaja mwenyewe."

Naima akalisogeza pazia, akatoka kichwa juu.

"Nataka kapeti moja jipya, zuri kuliko yote yaliyopo dukani. Nimefua ya watu miaka yote, sijawahi kukanyaga jipya la kwangu."

"Hilo tu?" Bi Badriya akashangaa.

"Hilo tu, mama."

"Na likichafuka?" Mzee Mbwana akatania.

"Atafua Muhannad. Kazi anaijua, nimemfundisha mwenyewe."