Karibu ya Gaspare

Hatua zilipita nyuma ya ukuta, nyepesi, za mtu aliyevaa ndara za nyumbani. Si jambo la kumshtua mtu, ila Rocca Amara haina mtu. Wa mwisho kuhama walihama na magodoro yao kabla Santina hajazaliwa, na tangu hapo wenyeji wa kijiji kile ni mijusi na upupu.

Santina na mumewe Gaspare walikuwa wameketi kwenye ngazi za kanisa lililobomoka, wamefungua chakula chao magotini: mkate wa ufuta, jibini la kondoo, zeituni. Hawakuja kutembea, walikuja kazini. Nyumba yao ilikuwa kule chini, pwani ya kaskazini ya Sisilia, nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye madirisha yanayotazama bahari, na wageni waliomjia Santina walikuwa wale wasiopenda kuswagwa kama mbuzi nyuma ya mwongozaji mwenye bendera. Walitaka kulala kwake, asubuhi watoke wenyewe, jioni warudi. Santina ndiye aliyewapangia: treni ya Palermo kaa upande wa bahari, basi la milimani usilingojee penye kibao, maana kibao kinadanganya, ukifika usile uwanjani, zunguka nyuma, kuna mama anapika. Na alikuwa na sharti lake. Hamtumi mgeni mahali ambapo miguu yake mwenyewe haijakanyaga. Kwa hiyo kila Kwaresima, kabla wageni wa Pasaka hawajajaa, yeye na mumewe walipanda mabasi kujaribu safari mpya.

Hatua zile zilipofika usawa wao, Gaspare, mdomo umejaa mkate, aliinua mkono.

"Karibuni, tunakula."

Hayo ndiyo malezi ya watu wa kule. Hakuna atiaye tonge mdomoni mbele ya mpita njia bila kumkaribisha, na hakuna mpita njia aliyelelewa akakubali. Husema starehe, akapita zake, na kila mmoja akabaki na heshima yake. Gaspare alikaribisha watu tangu utotoni, na Santina alizoea kumtania kwamba angemkaribisha hata mwizi aliyekuja kumwibia hicho chakula chenyewe.

Hatua zilisimama. Hakuna aliyesema starehe.

Gaspare alitafuna, akangoja, kisha akainuka kuchungulia nyuma ya ukuta. Akarudi akicheka kidogo. Hapakuwa na mtu, alisema, na upupu wenyewe haukukanyagwa. Lakini Santina alikuwa ameshasikia harufu, harufu ya mkate unaotoka tanuruni, wa moto, mahali ambapo tanuru la mwisho lilikuwa limeporomoka na mti wa tini ukaota katikati yake. Akakunja kitambaa cha chakula, akasema basi halitawasubiri.

Basi lilikuwepo. Walipanda, wakaketi, lakini dereva hakufunga mlango. Alikuwa akitazama kwenye kioo, kwa subira ya kijana mwenye adabu.

"Tunamngoja nani?" Gaspare akauliza.

"Si mama mliyekuja naye? Mpeni mkono, ngazi ni ndefu."

Wakamwambia hawakuja na mama yeyote. Dereva akautazama mlango, akawatazama wao, kisha akatazama kiti kilichokuwa tupu kando ya Gaspare. Akafanya ishara ya msalaba, akazima redio, akafunga mlango, akaondoa basi.

Jioni ile Gaspare alilalamika kwamba tambi hazina chumvi. Santina akaongeza. Bado. Akamsogezea kikopo, naye akamimina mpaka yeye Santina, akionja sahani ileile, alitema. Gaspare alikuwa akitafuna huku machozi ya hasira yakimlengalenga. Mkate ulikuwa kama kutafuna gazeti, alisema. Divai ilikuwa maji. Alikula akamaliza, akaongezwa akamaliza, na alipoinuka mezani alikuwa na njaa ileile aliyokaa nayo.

Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Daktari alimpima damu, akampima tumbo, akamwambia ana afya ya ng'ombe. Ng'ombe huyo akazidi kukonda. Mkanda ukatobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, na mashavu ya mtu aliyekuwa akicheka kabla ya kusikia kichekesho yakabonyea ndani. Alikula kwa watu watatu akapungua kama asiyekula kabisa. Santina alimpenda mume yule, na sasa alimwona akimwishia mezani, mbele ya macho yake, kijiko mkononi.

Kisha yakaanza mambo ya mchana. Watu wengine huogopa usiku, lakini watu wa pwani ile wanajua kwamba saa mbaya ni ile baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, madirisha yamefungwa, mji mzima umelala na barabara ni nyeupe tupu. Wakati huo mama zao waliwakataza kutoka nje walipokuwa wadogo, na hawakuwaambia kwa nini. Santina alikuwa amelala kando ya mumewe katika kiza cha madirisha hayo aliposikia jikoni kiti kikivutwa, taratibu, na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Kisha kisu kikikata mkate. Kisha kutafuna, kutafuna kwa fizi, kwa mtu aliyebakiwa na meno machache na mwenye muda mwingi, na kila taya lile lilipofunga, Gaspare usingizini kando yake alimeza mate, akameza tena, mpaka Santina akaanza kulia bila sauti kwa kuogopa kusikika katika nyumba yake mwenyewe. Alipojikaza akaenda, jikoni hapakuwa na mtu. Kiti cha mwisho wa meza kilikuwa na joto. Kulikuwa na harufu ya majivu, na ya nguo iliyokaa sandukuni miaka mingi.

Marijke, mgeni wa Kiholanzi wa chumba cha juu, ndiye aliyemmaliza. Alirudi mapema kutoka mji wa Cefalù, akamshukuru Santina kwa jinsi alivyompangia safari, kisha akasema mama mkwe wake ni mpole sana, ila mbona hamwangalii mtu usoni? Alimkuta mezani, akamsalimu, naye akaendelea kula.

Mama mkwe wa Santina alikuwa makaburini mwaka wa kumi ule.

Padri alikuja, kama ajavyo kila nyumba kabla ya Pasaka, akanyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba. Alipofika jikoni maji yalianguka sakafuni vizuri tu. Hakuna kilichopiga kelele. Padri akanywa kahawa yake, akaaga, na alipokuwa mlangoni Santina alisikia nyuma yake kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

Ndipo alipokwenda kwa Bi Vincenzina, anayewaondolea watu kijicho kwa mafuta na maji. Hana mambo makubwa Bi Vincenzina. Alimkuta anapiga pasi, televisheni inasema yenyewe. Alijaza sahani maji, akadondosha mafuta ya zeituni, akatazama. Ukiwa na kijicho cha watu, tone hutawanyika. Hili halikutawanyika. Lilisogea taratibu hadi ukingoni mwa sahani, likatulia pale kama mtu anayempisha mwenzake aketi.

Bi Vincenzina akazima televisheni. Akauliza ni nani aliyekaribishwa, na wapi, na alijibu nini. Santina akamweleza. Mama yule akazima pasi, akaisimamisha wima.

"Hakuna atakayemfukuza, mwanangu. Wala mimi, wala padri. Humfukuzi mtu uliyemwita mwenyewe mezani."

"Basi nimwache amle mume wangu?"

"Sikusema hivyo. Huyo ni mama wa watu, kalelewa. Kala kwenu siku zote hizi na hajawakaribisha kwake, na hiyo ni aibu inayomchoma. Mrudisheni. Kaeni pale pale, msibebe chakula, mumpe nafasi awe mwenyeji. Atawakaribisha. Mtasema starehe. Atawakaribisha tena, mtasema starehe. Mara ya tatu vilevile. Hapo atakuwa ameshatimiza adabu yake, atabaki kwake."

Santina akauliza, na mtu akikubali?

"Akila cha kule, cha huku hakitamjua tena," alisema Bi Vincenzina. Na hapo akawasha pasi yake.

Walipanda basi la asubuhi. Gaspare alikuwa mwepesi mno, Santina alimshika mkono kwenye ngazi kama mzee. Kisha, baada ya kusita, akageuka akanyoosha mkono wake chini kwa asiyeonekana, akangoja kidogo, akauvuta. Kitu kikavu kiligusa vidole vyake. Njiani alimsihi mumewe: neno ni moja tu, Gaspare, starehe, ulisema maisha yako yote. Gaspare alitikisa kichwa. Alisema ana njaa.

Waliketi kwenye ngazi zilezile, mikono mitupu. Jua lilipanda mpaka vivuli vikaingia chini ya mawe, ndege wakanyamaza, hata mijusi wakaganda pale walipokuwa. Na katika ukimya ule Santina akasikia ndara zikitoka kando yao, zikishuka ngazi, zikizunguka ukuta polepole kama za mtu anayerudi kwake baada ya safari ndefu, na kisha kuni zikipasuka motoni, na kifuniko cha tanuru kikiondolewa, na ile harufu ikaja, mkate wa moto, mafuta, oregano, nyanya zilizokaushwa juani, ikawafunika wote wawili hadi Gaspare akaanza kupumua kwa mdomo.

"Karibuni, tunakula," sauti ikasema nyuma ya ukuta. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama yeyote.

"Starehe, mama," Gaspare akasema. Ilimtoka vizuri. Santina akamminya mkono.

"Karibuni jamani. Mimi nilikula kwenu, msinitie aibu."

"Starehe." Safari hii ilikuwa ya kunong'ona, na machozi yalikuwa yakimtiririka mtu mzima mpaka kidevuni. Alinong'ona kwamba anaisikia harufu. Tangu siku ile hakuwahi kusikia harufu ya kitu chochote, na hii anaisikia.

Hapo mkono ukatokea juu ya ukuta, mkono mmoja wa kizee, wenye unga kwenye kucha, ukaweka kipande cha mkate juu ya jiwe. Mvuke ulikuwa ukipanda. Mafuta yalitiririka jiweni.

"Mmoja wenu tu aonje," sauti ikasema.

Santina alingoja neno la mumewe. Alilingoja akimtazama mdomoni. Lakini Gaspare hakuwa na neno tena, alikuwa ameshasimama, mkono wake umenyooka kuelekea jiwe lile, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa zamani, wa furaha, wa mtu aliyekaribishwa. Santina alijua kwamba hatamvuta, kwamba hata akimvuta leo atarudi kesho kwa miguu. Akamsukuma kwa bega, akamwangusha kwenye upupu, akachukua mkate akala.

Ulikuwa mtamu. Hilo hakupata kumwambia mtu. Ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichowahi kukitia kinywani, na alipoumeza alilia kwa sababu uliisha.

"Afya," ikasema sauti, imeridhika. Ndara zikaenda mbali ndani ya kijiji, mlango usiokuwepo ukafungwa, na kijiji kikawa mawe.

Jioni Gaspare alikula. Santina alimpikia tambi za dagaa na shamari, naye alipotia uma wa kwanza mdomoni alifumba macho, akaangua kilio, kisha akaangua kicheko, akamwita Marijke ashuke ale naye, akampigia simu Bi Vincenzina kumwambia kuna chumvi, Bi Vincenzina, kuna chumvi. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa upupu na hakuijali. Alisema kumbukumbu zake zinaishia alipoanguka. Alisema safari ile waifute kabisa, wasimtume mgeni hata mmoja, na Santina akasema ndiyo, hatamtuma mtu.

Mbele yake sahani ilikuwa ikipoa. Alikuwa ameonja mara moja akaweka uma chini. Aliwatazama wakila, mumewe na mgeni, wanavyopangusa mchuzi kwa mkate na kucheka, na walionekana kuwa mbali naye, watu wema walioketi kando ya njia anayopita.

Gaspare akainua macho, mdomo umejaa, akamsogezea kikapu cha mkate.

"Mbona huli, mke wangu? Karibu."

Santina alitabasamu. Alikuwa na haraka kidogo, hakujua ya kwenda wapi.

"Starehe," akasema.