Hofu Iliyopanda Benchi

Kila jioni Pilipili, kama mama yake alivyomwita kwa wepesi wa ulimi wake, alifanyia kazi za shule kwenye karakana ya mama, fundi baiskeli. Leo hata chai hakuigusa. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amemchagua asome insha yake kuhusu hofu mbele ya shule nzima kesho asubuhi, lakini kwa sharti: "Irekebishe kwanza. La sivyo, atasoma mwenzako."

Loo! Pilipili alikuwa amependa msemo mmoja wa Kiingereza, "jump out of my skin", yaani kushtuka ghafla mpaka karibu uruke utoke kwenye ngozi yako. Akaumwaga kila mahali kwenye insha kama chumvi. Bibi alipougua wiki nzima, Pilipili aliandika kwamba aliruka. Aliposubiri matokeo ya mtihani, karuka tena!

"Mama, kwani hofu si hofu tu?"

"Mwanangu, Kiingereza changu cha kuombea maji," mama alicheka, huku akijaza tairi upepo. "Mwalimu amesemaje?"

"Eti hofu ya kukaa nayo si sawa na ya kushtukiza. Sasa tofauti yake..."

PAA!

Tairi lilipasuka. Pilipili alijikuta amesimama juu ya benchi, kikombe kimeanguka, na hakujua alipandaje. Mama naye alikuwa nyuma ya mlango, amekumbatia pampu. Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi yakawatoka.

"Mama, ndiyo hii! Sikuwahi hata kufikiri!"

"Na bibi yako alipougua?"

Pilipili aliteremka taratibu. "Siku zile sikuruka. Nilikaa tu kando ya kitanda chake, chakula hakipiti kooni."

"Basi si uandike hivyo?"

Akaandika, mkono ukimwenda mbio. Msemo wake akaubakiza mara moja tu, pale tairi lilipopasuka.

Asubuhi aliisoma mbele ya shule. Kwenye tairi, shule nzima ilicheka. Alipofika kando ya kitanda cha bibi, mtoto mmoja wa mstari wa mbele akajifuta macho. Kisha makofi yakalipuka.

Mwalimu alimshika bega mbele ya wote. "Mmesikia? Msemo ukiwa mahali pake hupendeza. Lakini kilichomliza mwenzenu hakikuwa msemo. Ameandika lile lililompata kweli, nanyi andikeni hivyo hivyo."