Diski Imejaa Vilevile

Kabrasha lilikuwa tupu. Sehemu ya mwisho ya mchezo wa redio ilikuwa imetoweka kwenye seva ya studio, na jioni ile ile ilitakiwa kwenda hewani.

Meneja alishampata mwizi wake: fundi wa kompyuta, aliyeisimika seva hiyo ya mfumo wa Linux kwa mikono yake. Jana tu walikuwa wamegombana, fundi akidai diski mpya kwa kuwa hii imejaa pomoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," meneja alisema. Pingu zilikuwa tayari mezani.

Inspekta wa polisi, aliyeitwa na meneja, alivuta kiti. Baada ya miezi ya kesi za wizi wa kuku, moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

"Seva hii kazi yake nini?"

"Kupokea faili tu, afande," fundi alijibu. " Waigizaji wanatuma sauti wakiwa kwao. Nimewaruhusu kuweka, siyo kuchukua wala kufuta."

"Nani anaweza kufuta?"

"Anayekaa kwenye mashine hii. Mimi, na dada mhariri wa sauti."

Meneja alidakia kwamba mhariri wa watu ana msiba wa baba yake, mmoja wa waigizaji wa mchezo huo, asisumbuliwe. Inspekta hakubishana. Alimwambia fundi apime nafasi iliyobaki kwenye diski. Fundi aliandika amri, macho yakamtoka pima. Diski ilikuwa imejaa vilevile, kama jana.

Inspekta karibu aruke. Kingefutwa kitu, nafasi ingepatikana. Basi faili imehamishwa, ipo humu humu. Na mwenye chuki angefuta. Anayeficha ana sababu ya kuitunza.

Mhariri alikuwa chumba cha pili, macho mekundu.

"Pole na msiba, binti. Marehemu aliigiza nani kwenye mchezo?"

"Babu."

"Na mwishoni Babu anakuwaje?"

"Anakufa. Nimemzika Jumamosi, afande. Leo nimzike tena mbele ya nchi nzima, tena kwa kubonyeza kitufe mwenyewe? Nilishindwa. Nikaificha. Sikujua watamshika kaka fundi."

Aliirudisha faili mbele yao, akilia waziwazi. Inspekta alizitia pingu mfukoni. Meneja alitazama sakafu.

Fundi, aliyenusurika kulala rumande, alimvua dada vifaa vya masikioni taratibu.

"Nenda ukakae na mama," alimwambia. "Kitufe nitabonyeza mimi."