Dakika Thelathini na Nane

Lori la kabichi lilipiga honi mara ya saba, lakini gari dogo jeupe la umeme lililoziba lango la soko la Gakoromone, mjini Meru, halikusogea.

Kwenye usukani alikaa Gacheri, mwanamke wa miaka thelathini na moja, amevaa sketi ya kitenge rangi ya haradali na sweta jekundu lililofumwa kwa mkono. Mbele yake skrini ya gari iliandika: Gari linasasishwa. Usiliendeshe. Dakika 38.

“Mama, toa hicho kibiriti chako hapa!” dereva wa lori alifoka.

“Kibiriti ni kichwa chako! Unafikiri nimekaa hapa kwa kupenda?”

“Zima, uwashe tena!”

“Halikubali!”

Wanaume wanne waliweka mabega nyuma ya gari wakasukuma. Magurudumu yalikuwa yamekaza kama yamepigwa misumari. Muuza ndizi mmoja akacheka mpaka akashika kiuno. “Gari la stima limepotewa na stima!”

Hapo ndipo kijana mmoja mrefu alipojipenyeza, shati lake la samawati limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi la soko. Hakumfokea mtu. Aliinama dirishani akasoma skrini.

“Dada, ulibonyeza ‘Sasa’?”

“Kulikuwa na ‘Sasa’ na ‘Baadaye’. Mimi si mtu wa kuahirisha mambo.”

Kijana alitabasamu. “Gari hili ni kama simu yako. Kampuni huliletea programu mpya kwa intaneti, bila fundi kuligusa. Ile ya zamani inaondolewa, mpya inaingia. Ni kama kuhamisha jiko. Mpaka mafiga yatulie mahali papya, hakuna chai.”

“Na nani aliniambia ni dakika thelathini na nane?”

“Hakuna. Hilo ni kosa letu.”

Kisha akakunja mikono ya shati lake safi, akaanza kuhamisha magunia ya viazi yaliyoegemea upande wa pili wa lango. Wale wanaume wanne wakamsaidia. Nafasi ikapatikana, lori likapita. Yule dereva aliyekuwa akitukana alipofika dirishani kwa Gacheri, alimtupia kabichi mapajani. “Pika, mama, upunguze hasira.”

“Umesema ‘kosa letu’,” Gacheri alimwambia kijana. “Letu na nani?”

“Nafanya kazi kwa kampuni iliyokuuzia gari. Nimehamishiwa hapa wiki hii kutoka Embu. Naitwa Mugendi.”

“Basi wewe ndiye adui.”

“Adui bado ana dakika ishirini na tano. Unakunywa chai?”

Wakanywa chai ya chupa humo humo garini. Ilipobaki dakika moja, Gacheri aliweka kikombe chini, akamtazama usoni.

“Sikia, Mugendi. Kuanzia leo gari hili halitakubali kitu ambacho mimi sijakisoma na kukielewa. Waambie hivyo huko kwenu.”

“Nitawaambia,” alisema, naye moyo wake ulikuwa umeshabaki ndani ya gari lile.

Gacheri alikuwa na sababu. Kila Jumanne na Ijumaa alibeba wagonjwa wa figo kwenda kusafishwa damu hospitalini. Asubuhi alimchukua bibi mmoja mzee, Shosho Angeline, kutoka Nkubu, akaenda Maua kuwachukua wengine wawili, na jioni akawarudisha wote makwao. Mgonjwa akichelewa, mashine hupewa mwingine. Kwa hiyo Gacheri alizijua kilomita za gari lake kama anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Likijaa chaji asilimia mia, lilimaliza kazi ya siku. Likibaki na asilimia ishirini, lilifika Nkubu na kurudi mjini.

Mugendi akawa mwalimu wake. Kwenye kituo cha kuchaji magari huko Kinoru, karibu na uwanja wa michezo, alimsomea maelezo ya kila sasisho, naye akayaandika katika daftari la shule lenye jalada la kijani. Hili ni la breki. Hili ni la taa. Hili ni la ramani tu, linaweza kungoja. Alikuwa anakuja na machungwa mawili mfukoni, moja la Gacheri, moja la mgonjwa yeyote atakayekuwa garini.

Simu za Mugendi nazo hazikukatika.

“Umekula, mwendwa?”

“Wewe ni mpenzi ama ni mpishi?”

“Mpenzi anayeogopa wewe ukiwa na njaa. Nilikuona siku ile ya lori.”

“Na bado ulikaa.”

“Milango ilikuwa imejifunga.”

“Muongo! Milango ilikuwa wazi.”

“Haya basi, nimekamatwa.”

Shosho Angeline, aliyekuwa na miaka sabini na minne na masikio makali kuliko ya paka, alicheka nyuma. “Gacheri wangu, huyo usimwache. Mwanamume anayemenyea mzee chungwa hata kabla ya kuombwa, huyo amelelewa.”

Miezi minne ikapita hivyo.

Jumapili moja Gacheri alimwachia Mugendi gari kituoni Kinoru ili lichajiwe, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Skrini ikawaka. Sasisho lilikuwa limefika, na maelezo yake yalikuwa maneno matatu tu: Maboresho mbalimbali ya gari. Dakika 38.

Mugendi alifikiria Jumanne. Akafikiria Gacheri akingoja dakika zile zote huku Shosho anasikia baridi. Kwa upendo kabisa, bila kumpigia simu, akabonyeza ‘Sasa’. Gacheri aliporudi ameshika keki aliyookewa na wenzake wa kwaya, walicheka, wakala, na jambo lile likamtoka Mugendi akilini.

Jumanne gari lilionyesha mia. Gacheri akaiamini. Njiani kutoka Maua aliona namba zikishuka haraka, akadhani ni vilima na baridi. Jioni, alipokwisha kuwarudisha wagonjwa wa Maua, alianza safari ya Nkubu na Shosho. Zilibaki ishirini, lakini hazikuwa tena ishirini za zamani. Kwenye kilima cha mwisho gari lilipunguza nguvu, likatambaa, likasimama.

Shosho alikuwa amekaa kwenye mashine saa nne nzima. Midomo yake ilikuwa imekauka, mikono inatetemeka. Mama mmoja aliyekuwa akifunga kibanda chake cha mboga barabarani aliona, akaja na leso yake mwenyewe, akamfunika mabega bila hata kuuliza jina. Wakangoja gari la kuwavuta kwa saa mbili.

“Usilie, Gacheri. Sijafa,” Shosho alisema.

“Silii. Nimekasirika.”

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mugendi kituoni.

“Nani aligusa gari langu?”

Mugendi angeweza kusema sijui. Hakusema hivyo. “Ni mimi. Jumapili. Nilitaka nikuokolee muda.”

“Ulisoma kilichomo?”

“Waliandika maboresho. Nikaamini. Jana usiku ndipo nilipopata maelezo kamili. Gacheri, nisamehe, nilifanya kwa sababu nakupenda.”

“Nilikuambia nini siku ya kwanza?”

“Nakumbuka.”

“Basi hukunisikia. Ulikuwa unaninywesha chai tu.”

Jambo lingeishia hapo, kwa hasira ya wiki moja na machungwa mawili. Lakini mchana Kaimenyi, meneja wa kampuni kule Embu, alimpigia Gacheri kumtuliza.

“Madam, usiwe na wasiwasi. Tulimtuma Mugendi ahakikishe magari yote ya Meru yamekubali sasisho. Kijana ni mtiifu, alifanya kazi yake.”

Gacheri aliikata simu. Kisha akampigia Mugendi.

“Swali moja. Ulinipenda, ama ulitumwa?”

“Mwendwa, sikiliza...”

“Usiniite hivyo.”

Akakata. Mugendi alipiga mara tisa siku ile, na mara tisa siku iliyofuata. Siku ya tatu alituma ujumbe mmoja: Sitapiga tena. Najua sasa kwamba kukusukuma ndilo kosa lenyewe. Gacheri aliusoma mara nyingi kuliko alivyotaka.

Alichora safari zake upya katika daftari la kijani, akaongeza kituo cha kuchaji mchana, na hakuna mgonjwa aliyekosa mashine. Lakini hakukubali kunyamaza. Kampuni ilipowaita wateja wote wa Meru na Embu kwenye mkutano, Jumamosi, katika hoteli moja mjini Embu, alivaa gauni lake la zambarau, akafunga kilemba cheupe, akalichaji gari mpaka mia ile mpya.

“Na mimi naenda,” Shosho Angeline alisema, ameshavaa kofia yake ya kanisani. “Gari liliponiangusha kilimani halikuniuliza umri.”

Ukumbi ulijaa madereva, walimu na wakulima. Mbele alisimama Kaimenyi na suti yake ya kijivu, wafanyakazi wamepangwa nyuma yake. Mugendi alikuwa wa mwisho pembeni, amekonda kidogo. Macho yao yakakutana, yakakimbiana.

“Sasisho jipya,” Kaimenyi alisema, “limeleta maboresho mbalimbali.”

Gacheri akasimama. “Yasome.”

“Madam, ni mambo ya kitaalamu.”

“Mimi ndiye ninayeendesha. Mama huyu ndiye aliyekaa kilimani akitetemeka. Yasome moja moja.”

“Tutawatumia kwa barua pepe...”

“Sitakaa chini.”

Shosho naye akasimama, polepole, akishika kiti. Mkulima mmoja kutoka Runyenjes, aliyeitwa Njiru, akavua kofia na kusimama. Kisha safu nzima.

Mugendi aliondoka kwenye mstari wa wafanyakazi. Alitoa shingoni kitambulisho cha kampuni, akakiweka mezani mbele ya meneja wake, akafungua karatasi.

“Nitasoma mimi. Moja: betri haitajazwa tena mpaka juu kabisa, kwa sababu baadhi ya betri zilipata joto kupita kiasi. Mia mnayoiona ni mia ndogo. Mbili: umbali umepungua kwa karibu kilomita arobaini. Tatu: betri ikikaribia kuisha, gari litapunguza nguvu mlimani.” Akakunja karatasi. “Ni jambo la usalama. Sasisho hili ningeliweka hata kwenye gari la mama yangu. Lakini ningemwambia kwanza.”

“Kwa nini hamkutuambia?” Njiru aliuliza.

“Hatukutaka kuwatisha,” Kaimenyi alijibu.

“Kutishwa tumezoea,” Gacheri alisema. “Kufichwa ndiko hatutaki.”

“Na kuna lingine,” Mugendi aliendelea. “Gari la dada huyu, mimi ndiye niliyelibonyezea. Kampuni ilinituma kwenye magari, ni kweli, mwezi uliopita. Kwake hakuna aliyenituma. Kwake nilienda mwenyewe, miezi minne kabla, siku ya kabichi.”

Hakuna aliyeelewa habari ya kabichi ila mtu mmoja, naye aliinamisha kichwa kuficha uso.

Watu walikataa kutoka ukumbini mpaka Kaimenyi alipotia sahihi karatasi: kila sasisho litaelezwa lote, kwa Kiswahili, na mwenye gari ndiye atakayechagua siku. Alitia sahihi kabla ya chakula cha mchana, kisha akamgeukia Mugendi.

“Wewe, Jumatatu usije.”

“Sikuwa nimepanga kuja.”

Gacheri alimkuta nje, kando ya gari jeupe lililokuwa linachajiwa. Shosho alikuwa ameketi ndani, dirisha wazi, akijifanya amelala.

“Umepoteza kazi,” Gacheri alisema.

“Kinoru kuna nafasi ya karakana. Magari ya umeme yanaongezeka, na watu wanataka mtu wa kuwasomea.” Akamgeukia. “Gacheri, nataka kukuoa. Lakini safari hii sikilizeni kilichomo.”

“‘Sikilizeni’? Niko peke yangu.”

“Shosho hajalala.”

“Endelea tu, mwanangu,” Shosho alisema, amefumba macho.

“Moja: nakoroma. Mbili: leo sina kazi. Tatu: mama yangu anataka nijenge Embu, na sijamwambia kwamba nataka kukaa Meru. Nne: nikimpenda mtu huwa naharakisha kumfanyia mambo bila kumuuliza. Hilo najaribu kuliacha, na siku nyingine nitashindwa. Utanikumbusha.”

“Ni hayo tu?”

“Siwezi kupika nduma. Zinabaki mbichi katikati.”

Gacheri alibana midomo asicheke. “Shosho, una saa?”

Shosho alinyoosha mkono wenye saa kubwa ya kiume, ya marehemu mumewe.

“Pima dakika thelathini na nane,” Gacheri alisema. “Na wewe, Mugendi, usisogee.”

Akaingia hotelini, akaagiza chai, akafungua daftari la kijani kwenye ukurasa mtupu. Aliandika yale mambo matano moja moja, akafikiria kila moja mpaka mwisho, kukoroma na Embu na nduma mbichi.

Nje, jua lilimchoma Mugendi kichwani. Hakusogea. Shosho alimenya chungwa, akampa nusu kupitia dirishani.

Gacheri alirudi dakika zilipotimia, si moja kabla.

“Mama yako tutamwambia pamoja, kesho, baada ya kanisa. Nduma nitapika mimi, wewe utaosha sufuria. Ya nne nitakukumbusha kwa sauti kubwa, mpaka majirani wasikie.”

“Na jibu?”

“Nimesoma yote. Nimeelewa.” Akainua mkono, akaweka ncha ya kidole chake cha shahada katikati ya kifua cha Mugendi, hapo penye kifungo cha shati la samawati, akabonyeza. “Na hiki ni kidole changu.”