Nta ya Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwa dada na ndoo yangu mkononi, na hasira nilikuwa nayo tayari. Nakiri, mimi ni mwepesi wa hasira, na kila siku namwomba Mungu anipunguzie. Lakini mume wa dada, huyo shemeji yangu, anaweza kummalizia subira hata malaika.

Kazi yangu ni kuhudumia matangi ya samaki. Shemeji alikuwa na tangi kubwa la maji ya chumvi sebuleni, la kuringia wageni, na kwa uvivu wake lilikuwa limeota utando wa kijani hata samaki hawaonekani. Ndani ya ndoo nilimletea wasafishaji: konokono wa baharini wa kuramba kioo, na wale kaa wadogo wasio na gamba mgongoni, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa na kula uchafu wa chini.

"Karibu, fundi konokono," akasema bila kunyanyuka kwenye kochi. "Umeniletea mahausigeli?"

Sikucheka. Nilimuuliza dada yuko wapi. Akasema amelala, sauti imemkauka tangu jana, mafua tu hayo. Akaongeza kwamba Mungu amesikia dua zake na kumpunguzia kelele za nyumbani. Nikauma meno, nikaanza kazi.

Viumbe hawa hawamwagwi tu kama mchele. Unatega mpira mwembamba kutoka kwenye tangi, maji yaingie ndooni tone kwa tone, wayazoee. Ukiharakisha wanakufa. Kwa hiyo nilikaa chini nikasikiliza.

Tip... tip... tip...

Nikamkumbusha kwamba kaa hawa wakikua huhama nyumba, na wakikosa makombe matupu wanaua konokono ili wapate yao. Akasema hilo ameshalimaliza, nitazame mwenyewe. Kweli. Mchangani mle ndani kulikuwa na makombe mazito, mazuri, ya rangi ya kahawa iliyoungua. Nikamuuliza kayatoa wapi.

"Urithi," akasema, akacheka peke yake.

Nikawaingiza wasafishaji wangu.

Konokono walifunga milango yao palepale, wakabaki kama mawe. Na kaa hawakuyakimbilia makombe mapya. Walirundikana kwenye kona ya mbali, wakipandiana, wakikwaruza kioo. Sijawahi kuona kaa akilipa kisogo kombe tupu.

Halafu ikaja harufu. Si ya bahari. Nta iliyoungua... na chini yake kitu kama pumzi ya mgonjwa wa siku nyingi.

Kaa mmoja akatoka kwenye kombe lake. Alitoka mzimamzima, uchi, tumbo lake laini likiburuzika, akakimbia. Kaa hafanyi hivyo. Uchi kwake ni kifo. Akatoka mwingine. Na mwingine.

Makombe waliyoyaacha yakabaki mchangani.

Kisha yakaanza kutembea.

Nilisogeza uso hadi pua ikagusa kioo, nikachungulia mdomo wa kombe lililokuwa likinijia. Hakukuwa na mguu. Hakukuwa na jicho. Lilikuja tu, likichora mstari mchangani, taratibu... likafika mbele ya uso wangu.

Likasimama.

Mkono ukanigusa begani.

Alikuwa dada, amejifunga shuka, macho mekundu. Akaninong'oneza kwa taabu, kama mtu anayeongea akiwa nyuma ya mlango.

"Mdogo wangu, kuna mtu ananiambia nisogee."

"Usogee wapi?"

"Humu." Akajigusa kifua. "Anasema nisogee, na yeye apate pa kukaa."

Shemeji akadakia kwamba hiyo ni homa, arudi kitandani. Dada alinyoosha kidole kwenye tangi, na kwa kile kisauti chake akanieleza. Mama mkwe wake, marehemu, alikuwa mtu wa kuwatoa watu mashetani. Mashetani aliowatoa aliwafungia ndani ya makombe, akaziba midomo ya makombe kwa nta. Kabla hajakata roho aliwausia wanawe wayarudishe baharini yote, nta isiguswe. Tangu mazishi dada alimsihi mumewe ayapeleke. Jibu lilikuwa kesho, kesho.

Nikamgeukia shemeji. "Nta iko wapi?"

"Nimeibandua. Sasa kaa angeingiaje kwenye kombe lililozibwa? We si ndiye uliyesema wanataka matupu?"

"Umeibanduaje?"

"Kwa bisibisi. Iliposhikana sana, kwa kiberiti." Akatazama pembeni. "Dada yako ndiye aliyenishikia yasiteleze. Alilia lia, lakini alishika."

Alimshikisha. Alimwegemezea kifuani vitu vile, akavifungua.

Nilikuwa sijamnyanyulia mtu mkono tangu nimrudie Mungu. Jioni ile nilimkamata ukosi, nikamburuta hadi kwenye tangi, nikamzamisha mikono mpaka viwiko. Nikamwambia ayatoe mwenyewe, ya mama yake na yale yanayotembea, na asiache hata moja. Kicheko kilimwisha. Alianza kulia kama mtoto, akisema kuna kitu kinampapasa vidole kimojakimoja. Sikumhurumia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikayeyusha mshumaa, nikaziba kombe baada ya kombe, nikisali kwa sauti hadi koo likaniuma. Kila moja lilipozibwa lilitulia, likawa zito kiganjani.

Isipokuwa moja. Lile lilikuwa jepesi kama ganda la yai. Nta haikushika. Niliimwaga tena, ikabanduka tena, ikaanguka chini kama ngozi kavu. Nikajaribu mpaka mshumaa ukaisha.

Ndani yake hapakuwa na kitu cha kufungiwa.

Nikainua macho. Dada alikuwa amekaa kwenye kochi, mgongo umenyooka, ametulia. Akaniambia niache kuhangaika, yeye amepona. Sauti yake ilikuwa imerudi, safi kabisa.

Makombe tuliyatupa baharini kulipokucha. Shemeji siku hizi anawasimulia wageni kwamba yalikuwa mafua tu, na kwamba shemeji yake fundi konokono ana kichaa cha dini. Amelijaza tangi upya kwa fundi mwingine. Watu wa Mungu wananishauri nimsamehe. Napiga magoti, nalitaja jina la shemeji, na meno yanasagana yenyewe. Siwezi. Nimeshamwambia Mungu kwamba siwezi.

Kila wiki naenda kusali na dada. Anavaa vizuri, anapika, anatania kama zamani. Majirani wanasema amenawiri. Anafumba macho, ananishika mikono, nasali mpaka mwisho.

"Amina," anaitikia, kwa sauti yake nzuri.

Halafu, midomo yake ikiwa imefumbwa, nasikia sauti nyingine. Ya chini sana, imekauka, ya mtu aliyebanwa pembeni.

Amina...

Mikono inayonishika haitikisiki. Na sauti hiyo ya pili ndiyo ya dada yangu.